Askofu Mwenye Jembe

Baba yangu alikuwa katekista katika Jimbo la Rulenge, na alikuwa na madaftari mawili: moja la wabatizwa, jingine la mahudhurio ya shamba la ujamaa. Yote aliyaandika kwa kalamu ileile ya wino wa buluu, akiipuliza ncha kabla ya kuifunika. Sisi watoto hatukuona ajabu. Askofu wetu mwenyewe, Christopher Mwoleka, aliyewekwa wakfu mwaka 1969, alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa, akalima na wanakijiji. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kuumizia kichwa. Ni maisha ya kuigwa, kwa kuwa Baba, Mwana na Roho hawana kitu wanachonyimana.

Na Marx, yule wa mapambano ya matabaka? Jina hilo sikuwahi kulisikia kwa baba. Mwalimu Nyerere naye, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alikataa katika insha yake ya mwaka 1962 kwamba ujamaa wa Afrika umezaliwa na mapambano ya matabaka. Issa Shivji akamjibu kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970: matabaka yapo, tena yanakua. Lakini Oktoba mwaka huohuo Mwalimu aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisipopambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litapoteza maana kwa watu. Mimi naona hapo alikuwa karibu zaidi na Marx kuliko alivyopenda kukiri. Tofauti yao ilikuwa Mungu, na hiyo si tofauti ndogo.

Maaskofu walikwisha kuliunga mkono Azimio la Arusha la siasa ya ujamaa kwa barua yao ya mwaka 1968. Wasiwasi ulikuja baadaye. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri. Jioni moja baba alifungua Matendo ya Mitume, akapita pale tulipopazoea, pa waumini kuchanga mali, akatua kwa Anania aliyeuza shamba. Petro, alisema, alimwambia shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza. Hakuna aliyemlazimisha. Kisha akafunga kitabu, maana mgeni alikuwa anabisha hodi.

Tulipohamishwa, daftari la shamba lilichukuliwa na balozi wa nyumba kumi. Baba akabaki na la wabatizwa, na kalamu.