Gitaa Lilitangulia Mnara

Kutoka Cheptais kushuka Bungoma na kuzunguka hadi Kitale, redio haina ukame. Sulwe FM husema Kibukusu, Kass FM na Kitwek FM Kikalenjin, Mulembe FM Kiluhya, na West FM ni ya pale pale Bungoma. Mawimbi ya FM huenda mstari mnyoofu na Elgon ina kimo cha mita 4,321, kwa hiyo mtu wa mlimani hujua mapema redio ikae dirisha gani na eriali itazame wapi.

Pakitajwa roki ya zamani redioni, wa Nairobi hujitaja wao kwanza. Ni kweli Capital FM ilianza kule mwaka 1996, na X FM ikaja baadaye kupiga roki. Wapewe haki yao. Lakini mnara si gitaa, na shina la gitaa la nchi hii liko magharibi.

Shina lenyewe ni George Mukabi wa Kisa. Kabla yake palikuwa na litungu la Wabukusu na vinubi vya Wasabaoti, nyuzi juu ya ngozi iliyowambwa, kwa hiyo mkono wa kuchapa nyuzi haukuwa mgeni huku. Mukabi alichukua mdundo wa ngoma za sukuti akauhamishia kwenye gitaa kavu: kidole gumba kikawa ngoma kubwa, kidole cha shahada kikafuata sauti ya mwimbaji. Mtindo huo ukaitwa omutibo. Kando yake aliketi mwenzake na chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mistari, akiikwaruza kwa chuma, na bendi ikawa imetimia. Alifariki mwaka 1963, uhuru ukibisha hodi.

Wapo wanaosema gitaa hilo ni la Kongo. Mwenda wa Bayeke, wa Katanga kule Kongo, alirekodi "Masanga" mwaka 1952, na mwishoni mwa muongo huo akaja kupiga Nairobi. Hilo halina ubishi, na wapiga gitaa wetu walimsikiliza kwa adabu. Lakini sukuti haikutoka Katanga. Anayejua mdundo wa ngoma hizo msibani na harusini akimsikia Mukabi hahitaji shahidi.

Na hapa lazima lisimuliwe la ajabu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Kiafrika, alipita kwa Wakipsigis, ndugu wa Wasabaoti kwa lugha, akiwa na vinasa sauti vyake. Wasichana wakamwimbia wimbo wa "Chemirocha". Nani huyo? Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vijijini kwa gramafoni. Jina likageuzwa likae mdomoni, na mwenyewe akageuzwa kiumbe nusu mtu, nusu paa, akaalikwa kucheza ngoma. Rodgers huyo huyo aliingizwa mwaka 1986 katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, miongoni mwa waliotangulia. Elvis Presley alitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1954. Wasichana wa Kipsigis walikuwa wamekwisha kumwimbia babu wa roki miaka minne kabla.



Daudi Kabaka ndiye aliyeuvusha muziki wetu bahari. Alizaliwa Kyambogo, Uganda, mwaka 1939, akaimbia kampuni ya Equator Records ya Nairobi, na "Helule Helule" yake ikachukuliwa na The Tremeloes wa Uingereza, ikafika namba 14 kwenye chati za huko mwaka 1968. Hao si bendi ya vichochoroni: mwaka 1962 kampuni ya Decca iliwachagua wao, wakiwa na Brian Poole, ikawaacha The Beatles. Waliochaguliwa mbele ya The Beatles walikuja kuazima kwetu.

Kwa hiyo stesheni yoyote ya Bungoma au Kitale itakayofungua kipindi cha roki ya zamani ianze na chupa ya Fanta ya Mukabi, imlete Chemirocha, kisha Kabaka mwenyewe kwa sauti yake, ndipo The Tremeloes wakaribishwe.