Amani: Siku ya mechi si kipimo cha biashara

Wauzaji wa mishikaki, chipsi, urojo na juisi ya miwa katika eneo la Amani, mjini Unguja, hutegemea sana Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970. Ulipokamilika ukarabati wake Desemba 2023, fainali ya Kombe la Mapinduzi ilichezwa hapo Januari 2024. Mwaka uliofuata mashindano hayo yalihamia Gombani, Pemba. Muuzaji aliyekopa kwa kutarajia umati wa Januari angebaki na deni bila ya wateja.

Kwa hiyo kodi ya pango na marejesho ya mkopo yapimwe kwa mauzo ya siku za kawaida. Anayeanza aandike mauzo na matumizi kila jioni kwa mwezi mzima, pamoja na mkaa, mafuta na nauli ya sokoni Mwanakwerekwe, gharama ambazo ni rahisi kuzisahau. Ujira wake mwenyewe nao uandikwe, ili matumizi ya nyumbani yasichotwe katika mtaji.

Faida ya siku za mechi ni bora iwekwe akiba kwa ajili ya masika, Machi hadi Mei, wakati mvua huwazuia wateja wa nje. Katika Ramadhani mauzo ya chakula cha mchana husimama, ingawa futari huleta wateja wa jioni kwa aliyejiandaa mapema.

Kabla ya kutia saini mkataba wa mkopo, mkopaji aulize jumla ya fedha atakazorejesha, si kiwango cha wiki pekee.