Mawe ya Rubaya na Akili ya Mtoto

Tumezoea kusikia majina ya Masisi na Walikale yakitajwa pamoja na vita na madini. Leo tungependa kuyataja pamoja na jambo jingine: jitihada ya wataalamu, iliyochukua zaidi ya miaka 70, ya kuunda mashine ili waelewe jinsi akili ya mtoto inavyokua. Historia hizo mbili zinagusana, ingawa ni nadra kusimuliwa pamoja.

Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing aliuliza kwa nini watu wahangaike kuiga akili ya mtu mzima, ilhali wangeweza kuiga akili ya mtoto, kisha wakaifundisha. Wazo hilo halikufuatwa upesi. Waliokuja baada yake walishughulikia mambo ya watu wazima: sataranji, hesabu, kanuni za mantiki. Walifanikiwa, na mafanikio yenyewe yakawafunulia jambo la ajabu. Mwaka 1988 Hans Moravec aliandika kwamba kompyuta hufundishwa kwa urahisi kucheza michezo ya akili kama mtu mzima, lakini ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Mtoto anayetambaa uani akimfuata kuku, jambo ambalo mama zetu hawalistaajabii, alikuwa ameishinda mashine.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na sehemu ya jibu. Katika miaka ya 1950 Marcelle Geber, daktari Mfaransa, aliona kwamba watoto wachanga wa Kampala walikaa na kutembea mapema kuliko wale wa Ulaya. Wapo walioharakisha kusema kwamba ni damu tu. Charles Super alipokaa na Wakipsigis wa Kenya, akaandika mwaka 1976 kwamba mama wa huko huwafundisha watoto wao kukaa: humchimbia mtoto kishimo, wakamkalisha humo na kumzungushia mablanketi yamshikilie. Mambo waliyofundishwa watoto yaliwahi. Yale wasiyofundishwa, kama kutambaa, hayakuwahi. Sisi tunaona kwamba kishimo kile kina elimu kuliko vitabu vingi vya wakati ule, kwani kilionyesha kuwa ukuaji hupitia mikononi mwa mwingine.

Wahandisi walifika hapo kwa njia ndefu. Mwaka 2004, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ulianza mradi uliozaa roboti iitwayo iCub, iliyoundwa Genova nchini Italia. Ina kimo cha mtoto wa miaka mitatu na nusu, na viungo 53 vinavyosogea. Ilipewa mwili kwa makusudi, ili ijifunze kwa kushika na kutazama mikono yake yenyewe.

Jaribio moja linafaa kusimuliwa kwa kirefu. Mtoto huonyeshwa kitu kimoja upande wa kushoto na kingine upande wa kulia, mara kadhaa. Kisha vitu huondolewa, na mtafiti hutaja jina jipya huku akivuta macho ya mtoto kwenye upande mmoja ulio mtupu. Baadaye vitu vyote viwili vikiletwa, mtoto hulipa jina lile kitu kilichozoea kukaa upande ule. Watafiti wa Plymouth nchini Uingereza na wenzao wa Indiana, Marekani, walitangaza mwaka 2015 kwamba iCub ilifanya vivyo hivyo, tena kwamba mkao wa mwili ukibadilishwa katikati ya jaribio, kutoka kukaa hadi kusimama, uhusiano wa jina na kitu hupotea, kwa roboti na kwa mtoto pia. Yaani hata neno hujishikiza mwilini.

Mashine hizo zimesaidia pia kuwaelewa watoto ambao akili zao hufuata njia nyingine. Usonji ulielezwa na Leo Kanner mwaka 1943. Baada yake, kwa miaka mingi, wataalamu mashuhuri waliwalaumu akina mama, wakidai kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio ulioleta hali hiyo. Tusiwacheke. Kwetu pia mtoto asiyesema, au anayeziba masikio penye kelele, mara nyingine husemwa kuwa amerogwa, na mama yake huulizwa amekosea wapi. Nchini Japani, Yukie Nagai na wenzake waliwasikiliza kwanza wenye usonji wenyewe, kisha kwa kompyuta wakaunda kifaa cha kuvaa machoni. Anayekivaa huona jinsi mwanga unavyoweza kuwa mkali kupita kiasi na picha kujaa madoa panapotokea kelele au msukosuko. Mtoto wa namna hiyo akiwa chini ya milio ya risasi, au katika hema la wakimbizi lililobanana na mengine, anabeba mzigo ambao jirani yake hauoni.

Sasa turudi vilimani. Tantali itokayo katika koltani hutumika kutengeneza kapasita, vijisehemu vinavyohifadhi umeme ndani ya vifaa vya elektroniki. Bati huyeyushwa ili kuviunganisha vijisehemu hivyo. Bati la Kivu lilichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji. Mwaka 1976 makampuni yake yaliunganishwa kuwa Sominki, na bei ilipoporomoka mwaka 1985 kampuni hiyo ikadhoofika, wachimbaji wa mikono wakabaki. Bisie, katika Walikale, ilianza kuchimbwa mwaka 2002. Leo kampuni iliyoko huko ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa bati duniani. Rubaya, katika Masisi, imekadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Mawe yakishayeyushwa na kuchanganywa, hakuna awezaye kutofautisha ya kilima hiki na ya kile.

Watoto nao wameonekana migodini, wakibeba na kuosha mawe. Mwili ule ambao wataalamu wa Genova waliuiga kwa uangalifu mkubwa, ili ucheze na kujifunza, huku hutumika kama beleshi. Rubaya ilitekwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Mtoto aliyezaliwa huko mwezi huo atatimiza umri wa iCub, miaka mitatu na nusu, mwezi wa Oktoba 2027.