Mali Kauli Mbele ya Sheria: Nguvu ya Mkataba wa Mdomo katika Biashara ya Dagaa Kigoma

Mfanyabiashara wa Katubuka anayekwenda mwalo wa Kibirizi kuchukua magunia ya dagaa kwa mali kauli hasaini chochote. Hutaja bei, husema atalipa mzigo ukishauzwa, mwenye mzigo huitikia, na gunia hupakiwa. Deni likilala ndipo hutolewa hoja ambayo wengi huikubali bila kuipima: hatukuandikishana, kwa hiyo hapakuwa na mkataba. Hoja hiyo haina msingi katika sheria ya Tanzania, na anayefaidika nayo ni mdaiwa peke yake. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema makubaliano ni mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye sifa ya kuingia mkataba, kwa badali halali na kwa lengo halali, mradi sheria haikuyatangaza kuwa batili. Maandishi hayamo katika orodha hiyo. Hudaiwa tu pale sheria nyingine inapoyataka, kama ilivyo katika kuhamisha haki ya kumiliki ardhi. Jina lenyewe, mali kauli, linaonyesha kwamba wafanyabiashara walishaafikiana kuhusu kinachowafunga: mali imetoka, kauli imebaki.

Linalofaa kuhojiwa ni ukamilifu wa kauli hiyo. Kifungu cha 29 hubatilisha makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana. Je, mvuvi anayeahidi magunia kumi “giza lijalo” ameahidi jambo lenye uhakika? Msomi wa mjini anaweza kucheka, lakini dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo giza lijalo ni muda unaoweza kuhesabiwa kwa kalenda ya mwezi, na mashahidi wa mwaloni wanaweza kumweleza hakimu maana yake. “Mambo yakikaa vizuri” ni jambo jingine: hapo hakuna tarehe, kipimo wala sharti ambalo mtu wa tatu anaweza kulithibitisha. Maneno ya pili yangeandikwa kwenye karatasi na kugongwa muhuri, bado yangekuwa na udhaifu uleule.

Kufungwa kwa uvuvi kunaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Serikali ilisimamisha uvuvi upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Tuchukue mfano wa mnunuzi aliyetoa fedha Aprili ili apewe dagaa wa kuvuliwa Juni. Kifungu cha 56 kinasema mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haramu hubatilika, na kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea faida airudishe. Mvuvi hawezi kusema serikali ndiyo iliyofunga ziwa kisha akabaki na fedha. Tena, ikiwa alipoahidi alijua kwamba ziwa litafungwa, au angeweza kujua kwa kuuliza tu, na mnunuzi hakujua, anawajibika pia kwa hasara. Haki zote hizi zinapatikana bila karatasi. Mnunuzi anachohitaji ni shahidi aliyeona fedha ikipokelewa.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, kinazuia kudai mahakamani mauziano ya bidhaa za kuanzia shilingi 200 bila maandishi, hata kama bidhaa zitatolewa baadaye. Anayekiegemea, hata hivyo, husahau nusu yake ya pili. Maandishi hayahitajiki ikiwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, ametoa arubuni, au amelipa sehemu ya bei. Aliyekwisha kuchukua gunia moja kati ya kumi amefungwa. Katika mali kauli mzigo hutangulia fedha, kwa hiyo mchukuaji karibu kila mara yumo ndani ya msamaha huo. Anayebaki nje ni yule aliyeagiza kwa neno tupu, bila kupokea wala kutanguliza chochote, na huyo ndiye wa kushauriwa aandikishane au atoe arubuni.

Kiwango chenyewe hakina utetezi. Shilingi 200 zilikuwa sawa na pauni 10 za Kiingereza, kiasi kilichowekwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1677. Zama hizo kiasi hicho kilitenga mauziano makubwa na madogo. Leo hakuna gunia wala debe la dagaa lisilovuka kiwango hicho. Waingereza wenyewe walikifuta kifungu mama mwaka 1954. Bunge letu nalo likifute hiki.