Bomu la Siri: Mambo Yaliyotendeka Afrika ya Kusini

Tarehe 24 Machi 1993, mjini Cape Town, Rais F. W. de Klerk wa Afrika ya Kusini alisimama mbele ya wabunge akatoa habari iliyoshangaza dunia. Serikali yake ilikuwa imetengeneza mabomu sita ya atomu kwa siri. La saba lilikuwa limeanzwa, halikumalizika. Na yote yalikuwa yamekwisha vunjwa. Kwa muda wa miaka kumi hivi, watu wa Botswana, wa Msumbiji na wa Zimbabwe walilala na kuamka karibu na mabomu hayo, wasiambiwe neno. Hata wenyeji wa Afrika ya Kusini hawakuambiwa.

Tunajiuliza: inchi inawezaje kutengeneza kitu kikubwa namna hii, chenye kutaka viwanda, umeme mwingi na mamia ya watu wa kazi, na wengine wasijue? Wengi hudhani kwamba mtu mmoja huiba karatasi ya siri, huikimbiza kwao, na bomu likatoka. Sivyo. Tukizifuata habari hizi hatua kwa hatua, tutaona kwamba karibu kila hatua ilifanyika mchana kweupe, tena kwa jina zuri. Kilichofichwa zaidi kilikuwa hesabu.

Hatua ya kwanza ni madini, na hapo habari inaanzia kwetu. Mawe ya uraniumu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi katika Katanga, yalikuwa na uraniumu nyingi kupita mawe ya mahali pengine. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1.000 za mawe hayo, kwa kuogopa yasiangukie mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwetu. Wale waliochimba na kuchagua mawe kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani.

Baada ya vita Marekani na Uingereza walitafuta uraniumu mahali pengine pia. Wakaiona Afrika ya Kusini, imechanganyika na mawe ya dhahabu. Mwaka 1952 kiwanda cha kwanza cha kuitoa kilifunguliwa huko. Basi, inchi hiyo ikawa na madini, ikawa na wanunuzi, na hakuna aliyeona ubaya.

Hatua ya pili ni masomo. Tarehe 8 Desemba 1953 Rais Eisenhower wa Marekani alisema mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba nguvu za atomu zitumike kwa kazi za amani. Inchi nyingi zikapewa msaada. Kongo yetu ilitangulia katika Afrika nzima: mwaka 1959 kinu cha kwanza cha atomu kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa, chini ya mkuu wake Padri Luc Gillon, aliyekuwa mwenyewe mtaalamu wa elimu hiyo. Afrika ya Kusini nayo ilifanya mapatano na Marekani mwaka 1957, na kinu chake kikaanza kazi mwaka 1965 huko Pelindaba, karibu na Pretoria. Je, kinu cha namna hii ni kosa? La. Vinu hivyo hufundisha wanafunzi, na vingine husaidia kutengeneza dawa za hospitali. Lakini mtu aliyejifunza kukitunza kinu amekwisha pata elimu kubwa. Inabaki kujua bwana wake atamtuma kufanya nini.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Uraniumu jinsi inavyotoka ardhini haiwezi kuwa bomu. Katika sehemu 1.000, sehemu 7 tu ndizo za aina nyepesi inayofaa. Nyingine zote ni nzito. Lazima kuzitenga, kama mama anavyopepeta mchele apate kuondoa makapi. Kwa kiwanda cha umeme, kwa kawaida inatosha kufikisha sehemu 3 hata 5 katika 100. Kwa bomu, hutafutwa sehemu 90 hivi katika 100. Sasa angalieni vizuri: ungo unaweza kuwa ni uleule. Tofauti ni kupepeta tena na tena.

Mwaka 1970 Waziri Mkuu John Vorster alitangaza kwa majivuno kwamba wataalamu wake wamevumbua njia yao wenyewe ya kutenga uraniumu. Kiwanda kilijengwa Valindaba, kando ya Pelindaba. Walisema: ni kwa ajili ya kazi za amani. Lakini mkataba wa mwaka 1968 wa kuzuia silaha hizi zisienee, hawakutia sahihi. Na wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, lenye makao yake Vienna, hawakuruhusiwa kuingia katika kiwanda hicho. Tangu Januari 1978 uraniumu kali ikaanza kutoka.

Kuna njia nyingine, ya plutoniumu inayozaliwa ndani ya kinu chenyewe. India iliifuata, ikitumia kinu ilichopewa na Kanada. Mwezi wa Mei 1974 ililipua kitu chake chini ya ardhi, ikakiita mlipuko wa amani. Njia ni mbili, lakini mazoea ni yaleyale: kitu hupewa jina la amani mpaka siku kinapokuwa tayari.

Afrika ya Kusini nayo ilitumia jina hilo. Mwaka 1971 serikali ilikubali uchunguzi wa milipuko ya amani, eti ya kusaidia kazi za migodi. Kisha wakachimba mashimo mawili marefu katika jangwa la Kalahari, mahali paitwapo Vastrap, ili kujaribia bomu. Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mwezi wa Agosti 1977 setilaiti ya Warusi iliona kazi hiyo kutoka juu. Warusi wakawaambia Wamarekani, na serikali nyingi zikamkemea Vorster. Mashimo yakaachwa. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe kazi iliendelea ndani ya majengo, na mwaka 1979 bomu la kwanza likapata uraniumu yake. Baadaye mengine yakafuata, ya namna ileile ya bomu la Hiroshima.

Kwa nini walifanya hivyo? Kwa hofu. Mwaka 1975 Wareno waliondoka Angola, na askari wa Kuba wakafika. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ulikataza inchi zote kuwauzia silaha. Wakubwa wa Pretoria walijiona wamebaki peke yao. Waliwaza hivi: tutakaa kimya, tukishambuliwa vikali, tutawanong’oneza Wamarekani kwamba tunalo bomu, nao watakuja kutusaidia.

Lakini tuseme kweli. Upweke ule waliujenga wao wenyewe, kwa sheria za kuwabagua watu weusi katika inchi yao. Mwezi wa Juni 1976 wanafunzi wa Soweto walikwenda barabarani kukataa masomo waliyolazimishwa kuyapokea kwa lugha ya Kiafrikaansi, na wengi wakapigwa risasi. Bomu la atomu lingesaidia nini hapo? Haliwezi kuangushwa juu ya watoto wa mji wako mwenyewe. Mabomu sita yalifungiwa ghalani, na tatizo la kweli lilikuwa likitembea njiani kwa miguu.

Mwisho wake ulikuja upesi. Desemba 1988 mapatano yalifanywa: askari wa Kuba waondoke Angola, na Namibia ipate uhuru. De Klerk akawa rais Septemba 1989. Februari 1990 kiwanda cha Valindaba kilifungwa. Katika mwezi huohuo Nelson Mandela alitoka kifungoni, na amri ikatolewa mabomu yavunjwe. Wanahistoria kadhaa wanaongeza sababu nyingine: wakubwa wale hawakutaka kuwaachia watawala weusi silaha kama hizo. Huenda sababu zote mbili zilikuwamo. Mabomu yakafunguliwa moja moja, uraniumu ikayeyushwa, michoro ikaharibiwa. Tarehe 10 Julai 1991 Afrika ya Kusini ikaingia katika mkataba.

Hata hivyo, ilipoingia katika mkataba haikusema kwamba iliwahi kuwa na bomu. Ilichukua karibu miaka miwili mpaka de Klerk akaungama. Na hapo likatokea swali ambalo kila mwongo hulikuta mbele yake: sasa tutakuaminije? Umesema sita, kwa nini si manane?

Hapo ndipo hesabu ilipofanya kazi yake. Michoro ya mabomu iliharibiwa, lakini madaftari ya kiwanda cha Valindaba yalikuwapo, yakionyesha kazi ya kila siku. Wakaguzi wa Vienna walikaa nayo muda mrefu. Walipima uraniumu iliyoingia, iliyotoka, na iliyobaki katika mabaki. Walikwenda kila mahali walipotaka, wakaongea na watu wa kazi, wakaona mashimo ya Kalahari yakizibwa. Mwishowe walisema hawakuona sababu ya kushuku kwamba kuna kitu kilichobaki kimefichwa. Mpaka leo ni inchi hiyo pekee iliyotengeneza mabomu yake yenyewe ikayavunja yote.

Tangu siku hizo inchi nyingine zimepita katika njia ya siri. Libya iliacha kazi hiyo mwaka 2003. Korea ya Kaskazini ilitoka katika mkataba, ikalipua bomu lake la kwanza mwaka 2006. Israeli haijakubali wala kukana. Kila tunaposikia habari za namna hii, tusiulize tu kama inchi ina wataalamu au mitambo. Tuulize: ungo wao unapita mahitaji waliyoyataja? Wanakubali mwingine ahesabu? Sababu zao zinabadilika kila mwaka?

Tena sisi watu wa Kongo tunayo haki ya kuuliza zaidi. Mawe yetu yalichukuliwa bila sisi kujua. Mtu anayechimba leo, jiwe lolote liwe, anastahili kujua linakwenda wapi.

Jina Pelindaba limetokana na lugha za kule, na watu hulifasiri hivi: maneno yamekwisha. Mwaka 1996, mjini Cairo, inchi za Afrika zilitia sahihi mkataba wa kukataza silaha za atomu katika bara letu lote, nao ulianza kuwa na nguvu mwaka 2009. Mkataba huo huitwa Mkataba wa Pelindaba. Mahali palepale palipofichwa siri pameupa jina lake. Lakini huko Pelindaba maneno hayakwisha siku mlango ulipofungwa. Yalikwisha siku ulipofunguliwa, watu wakaingia na kuhesabu.