Ngozi zina lebo, picha hazina: kamera za kwanza katika nyanda za Kapiti

Leo naweka PHP na MySQL pembeni. Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba mwisho wa wiki, kama hakuna mteja wa kunipigia simu kwamba seva imelala, huchukua kamera na kuteremka kutoka mjini Machakos kuelekea nyanda za Lukenya, Kapiti na Konza. Mimi si mpiga picha wa kulipwa. Kamera niliinunua mkono wa pili, lenzi yake ni ya milimita 300, na wanyama wangu wengi ni kongoni, punda milia, twiga na mbuni, kwa sababu hao ndio wenye subira na watu kama mimi. Lakini sitaki kuwaonyesha picha zangu leo. Nataka tuzungumze juu ya kamera za kwanza kufika nyanda hizi, maana kadiri ninavyosoma habari zake ndivyo ninavyoona kwamba hii ni historia ya data hasa. Kwa hiyo msione kwamba nimehama kabisa kwenye mada zetu za kila siku.

Tuanze Aprili 1909. Theodore Roosevelt alikuwa ametoka ikulu ya Marekani tarehe 4 Machi mwaka huo huo. Alishuka meli Mombasa, akapanda treni ya reli ya Uganda, na sehemu ya njia alikaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili asikose kumwona mnyama yeyote. Wengi wakisikia "safari ya Roosevelt" fikira zao zinakimbilia Maasai Mara. La hasha. Alishuka hapa kwetu, kwenye stesheni ya Kapiti, ambako mahema na wapagazi walikuwa wakimngoja. Kutoka hapo akaenda Kitanga, shamba la Sir Alfred Pease, kutafuta simba, na baadaye akafika Juja kwa Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan, yule ambaye kaburi lake liko kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk. Kwa hiyo wiki za kwanza za safari iliyowafundisha Wamarekani neno letu "safari" zilipita katika nyanda za Ukambani na ujirani wake.

Mwenye kamera alikuwa mwanawe, Kermit. Alikuwa na umri wa miaka 19, ameacha masomo ya Harvard kwa muda ili afuatane na baba yake, na kazi aliyopewa ilikuwa upigaji picha. Hakuwa fundi aliyesomea kazi hiyo. Alikuwa kijana anayependa kamera, kama wengi wetu. Wapagazi na wahudumu wa safari, ambao wengi wao walizungumza Kiswahili, walimwita kwanza Bwana Mdogo, kisha wakambadilishia jina wakamwita Bwana Maridadi. Baba yake alilinakili jina hilo kitabuni kwa tahajia iliyopinda kidogo, lakini Mswahili akilisoma analitambua mara moja na kucheka. Huyo Maridadi alibeba pia bunduki. Katika safari nzima, iliyoishia Khartoum Machi 1910, baba aliua wanyama 296 na mwana 216. Ukijumlisha unapata 512, kwa watu wawili tu.

Sasa hebu tufikirie kazi ya kupiga picha wakati huo, maana ni rahisi kuidharau. Filamu na vioo vya enzi ile vilihitaji mwanga mwingi mno. Mimi saa kumi na mbili na nusu asubuhi naipeleka kamera kwenye ISO 3200 na twiga anatokea. Kermit angepata giza. Lenzi ndefu zilikuwepo, ila zilikuwa nzito na zenye kiza, na mnyama akitikisa sikio tu picha imeharibika. Njia ya uhakika ilikuwa kusogea karibu, na kwa kifaru kusogea karibu kuna bei yake. Arthur Radclyffe Dugmore, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka huo huo wa 1909, alijulikana duniani kwa picha ya kifaru anayemjia mbio. Mtu asimame, alenge, abonyeze, halafu ndipo akumbuke kukwepa! Na baada ya hayo kuna kusafisha filamu kambini, katika joto na vumbi, kwa maji unayoyapata.

Usiku ulikuwa na mafundi wake. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama gizani katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akitumia vioo na unga wa magnesi uliolipuka kwa mwanga mkali, na mwaka 1905 akatoa kitabu kilichowashangaza Ulaya nzima. Huko Marekani, George Shiras alitega kamba ambayo mnyama akiigusa anajipiga picha mwenyewe. Jarida la National Geographic lilichapisha picha zake Julai 1906. Kamera za mtego zinazofungwa leo kwenye miti ya hifadhi zetu, zenye kihisi cha joto la mwili badala ya kamba, ni wajukuu wa kamba ile ile.

Nipite kidogo pembeni, kwa sababu kisa hiki kinawahusu wanaolalamika kila siku kuhusu picha za kutengenezwa na akili bandia. Mtengenezaji wa filamu wa Chicago, William Selig, alitaka kufuatana na Roosevelt, akakosa nafasi. Akaona si neno. Akanunua simba mzee, akatafuta mwigizaji anayefanana na Roosevelt, akapanda "msitu" ndani ya studio, na mwaka 1909, Roosevelt akiwa bado huku, filamu ya uwindaji Afrika ikawa inaonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Simba yule aliuawa kweli mbele ya kamera. Cherry Kearton, Mwingereza aliyempiga Roosevelt filamu ya kweli hapa Kenya, alitoa yake mwaka 1910, ikapwaya. Watu walikuwa wameshaona simba anayeruka, nani atake kuona wanaume wanatembea kwenye nyasi?

Turudi Kapiti. Pamoja na Roosevelt walikuja wanasayansi watatu wa taasisi ya Smithsonian ya Washington: Edgar Mearns, Edmund Heller na J. Alden Loring. Kazi yao ilikuwa kukusanya vielelezo, kuanzia panya hadi tembo, na safari ilibeba tani nne za chumvi kwa ajili ya ngozi. Walirudi na vielelezo karibu 11,400. Na hapa ndipo mimi kama mtu wa programu ninaposimama kwa heshima. Kielelezo cha makumbusho hufungiwa lebo: mahali, tarehe, jinsia, vipimo, nani aliyekipata. Pasipo lebo ngozi ni zulia. Pamoja na lebo, mtafiti wa leo anaweza kuifungua droo ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kusema mnyama wa aina fulani aliishi mahali fulani, akapima na DNA yake, kitu ambacho aliyefunga lebo hakukiota hata usingizini.

Picha je? Ukifungua kitabu cha Roosevelt cha 1910, picha nyingi zina jina la mnyama na jina la mpiga picha, basi. Mnyama huyu alikuwa upande gani wa reli? Mwezi gani? Walikuwa wangapi nje ya fremu? Mara nyingine unaweza kukisia kwa kusoma sura nzima, mara nyingine huwezi. Hata watu ni hivyo hivyo. Juma Yohari na Kassitura, waliombebea Kermit bunduki, tunawajua kwa majina kwa sababu majina yao yaliandikwa katika maneno. Sura peke yake isingetufikishia hata herufi moja ya majina hayo. Ndiyo kusema mnyama aliyeuawa mwaka 1909 ameacha rekodi bora kuliko yule aliyepigwa picha akaachwa aende zake. Mimi jambo hili linaniudhi, kwa sababu niko upande wa kamera.

Lakini Machakos hii hii ina mfano wa picha zilizofanya kazi, na sijui kwa nini hatufundishwi shuleni. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilisema Ukambani unakufa kwa mmomonyoko wa udongo, na lawama ikawekwa kwa Wakamba na ng'ombe wao. (Kwamba nyanda nzuri za malisho walikuwa wamepewa walowezi, hilo halikupewa uzito uliostahili.) Mwaka 1937 afisa mmoja, Barnes, alizunguka wilaya na kamera akipiga picha za vilima vilivyopauka na makorongo. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuchukua mifugo kwa nguvu, na Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga. Picha zile zilipigwa kama ushahidi wa mashtaka.

Ila zilikuwa na mahali na mwaka. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipokuwa wakichunguza historia ya wilaya, iliwezekana kurudi pale pale aliposimama Barnes na kupiga tena. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi milioni 1.4 mwaka 1989. Kila mtu angetarajia jangwa. Picha mpya zilionyesha matuta, miti na mashamba mahali palipokuwa pameoza. Kitabu chao kilitoka 1994 na kimebishaniwa na wataalamu tangu siku hiyo, lakini picha zimekaa pale pale, jozi kwa jozi, na wenye kubisha inabidi wabishane nazo. Picha iliyopigwa ili kumshtaki mkulima wa Kikamba ikaja kuwa shahidi wake, kwa sababu tu kuna mtu aliandika mahali na tarehe.

Sasa tazama nyanda za chini zinavyobadilika. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini seng'enge haikupigwa marufuku. Hesabu za angani za uwanda wa Athi na Kaputiei zinaonyesha kwamba kati ya 1977 na 2011 spishi nyingi za wanyama wakubwa walao majani zilipungua kwa zaidi ya 70%. Nyumbu waliokuwa wakihama makumi ya maelfu wakabaki elfu chache. Reli mpya ya SGR ilianza safari za abiria 2017. Viwanda vimesogea kutoka Athi River, viwanja vya hamsini kwa mia vinauzwa kila kona. Na sisi watu wa teknolojia tumo: Konza, jiji letu la kompyuta lililozinduliwa Januari 2013, limekaa kwenye ekari 5,000 za lililokuwa ranchi ya Malili, katika uwanda ule ule. Silipingi. Huenda kesho nikapata kazi huko. Lakini ningependa mtu wa mwaka 2120 aweze kujua ni nani alikuwa akila nyasi hizo kabla ya kituo cha data. Bahati nzuri bado kuna ranchi ya utafiti ya Kapiti ya taasisi ya ILRI, hekta zipatazo 13,000, ambako ng'ombe na wanyamapori wanalisha pamoja. Ukipita barabara ya Mombasa, punguza mwendo utawaona.

Simu yako, ndugu msomaji, inafanya bure ile kazi ya lebo ya Heller. Kila picha inabeba ndani yake data ya EXIF: tarehe, saa, na ukiruhusu GPS, latitudo na longitudo. Halafu unaituma kama picha kwa WhatsApp na mahali panafutwa njiani! Ukitaka vibaki, itume kama dokumenti. Au bora zaidi ipandishe iNaturalist, ambako wengine watakusaidia kumtambua mnyama na rekodi inaweza kufika kwenye hazina ya kimataifa ya GBIF. Wenye hofu ya majangili wasiogope sana, kwa spishi zilizo hatarini tovuti hiyo huficha mahali halisi. Kwa kifaru lakini, mimi nashauri uzime GPS kabisa kabla ya kupiga.

Kamera yangu haina GPS. Ninachofanya ni kuacha simu irekodi njia yangu yote katika faili la GPX, na nikirudi nyumbani naoanisha saa za picha na saa za njia kwa programu ya bure iitwayo exiftool:

exiftool -geotag njia.gpx picha/

Kabla ya kutoka hakikisha saa ya kamera inalingana na ya simu, hadi sekunde. Na kompyuta iwe kwenye saa za Afrika Mashariki, la sivyo kongoni wako wote watahama na njia ya saa tatu.