Kocha, filimbi na sala

Hapa Syokimau tunaishi kwa jina la nabii wa Wakamba, kwa hivyo sala uwanjani haitushangazi. Kabla ya mechi ya shule, kocha anaita vijana, wanashikana mikono, "Amina", mpira unaanza.

Lakini hii desturi imetoka wapi? Shule zetu nyingi za zamani zilijengwa na wamishonari, na mchezo kwao ulikuwa sehemu ya malezi ya Kikristo. Sheria ya Elimu ya 1968 iliipa serikali usukani, makanisa yakabaki wadhamini. Sala nayo ikabaki.

Mwaka 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi kocha Joseph Kennedy, aliyekuwa akiomba uwanjani baada ya mechi, kwa kura 6 dhidi ya 3. Sisi tuko na Katiba ya 2010. Kifungu cha 32 kinakuruhusu kuabudu hadharani, na hapo hapo kinakataza mtu kulazimishwa.

Sasa niambieni, winga Mwislamu wa kidato cha pili atakataa kweli, na kocha ndiye anapanga kikosi? Sisemi sala ifutwe. Kocha aombe, ila asiangalie nani hajafumba macho.